Betri ikifa, gia ya otomatiki hukwama: Kitufe kidogo ambacho madereva wengi hawakijui

Na Mwandishi Wetu

NI jambo la kawaida katika mitaa yenye msongamano kama ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kuliona gari dogo la otomatiki likiwa limesimama mahali pasipostahili, mwenyewe ameshika ufunguo mkononi, na vijana wanne au watano wakilisukuma bila kulisogeza hata shubiri moja. Betri imekwisha, mkono wa gia umeng'ang'ania kwenye herufi P, na kila mpita njia ana ushauri wake.

Wapo wanaoshauri mkono wa gia uvutwe kwa nguvu, na matokeo yake kifuniko hupasuka na gia isitoke. Wapo wanaofunga kamba na kuliburuta gari hivyo hivyo, magurudumu ya mbele yakiwa hayazunguki, matairi yakiacha mistari myeusi barabarani. Wengine huwasha simu kumtafuta fundi, na fundi akifika huanza kwa kufungua dashibodi.

Kumbe katika magari mengi madogo yaliyoko barabarani nchini, hasa yale yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, ufumbuzi uko sentimita chache tu kutoka mahali dereva anapoweka mkono wake kila siku. Ni kitufe kidogo, au kitundu kilichofunikwa kwa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na mara nyingi kando yake pameandikwa maneno mawili: SHIFT LOCK.

Tatizo ni kwamba kitabu cha maelekezo kinachokieleza kitufe hicho huwa kimeandikwa kwa Kijapani, na pengine kilipotea kabla gari halijapakiwa melini. Hivyo mtu anaweza kulimiliki gari miaka kumi akidhani kwamba kitufe hicho ni pambo.

Ili kuelewa kwa nini gari lililokosa umeme linakataa kutoka kwenye P, ni vema kwanza kutofautisha vizuizi viwili ambavyo madereva wengi huvichanganya.

Kizuizi cha kwanza kimo ndani ya giaboksi. Dereva anapoweka P, jino nene la chuma huingia katika pengo la gurudumu lenye meno ambalo limeungana na mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Jino hilo halihitaji umeme wala mafuta. Ni chuma kinachokaa ndani ya chuma, na ndiyo maana gari lililoachwa kwenye P haliendi mbele wala nyuma hata betri ikitolewa kabisa.

Kizuizi cha pili kiko juu, chini ya mkono wa gia wenyewe, nacho ndicho kinachohitaji umeme. Hapo kuna kifaa kiitwacho solenoidi, yaani koili ya waya yenye kipande cha chuma katikati, ambacho husogea umeme unapopita. Dereva anapowasha swichi na kukanyaga breki, umeme hufika kwenye solenoidi, nayo huachia mkono wa gia. Sauti ndogo ya "tik" inayosikika pale breki inapokanyagwa ndiyo sauti ya kifaa hicho kikifanya kazi.

Betri ikifa, solenoidi haisogei. Mkono wa gia hubaki umefungwa, na dereva hana namna ya kuliondoa lile jino la chuma kwenye pengo lake. Gari si bovu. Linafanya kile lilichoundwa kufanya.

Ufungaji huo una historia. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, yalitolewa malalamiko mengi kwamba magari ya Audi 5000 yalikuwa yakiruka mbele au nyuma yenyewe mara tu dereva alipotoa gia kwenye P. Novemba 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliyatangaza malalamiko hayo kwa nchi nzima, na mauzo ya kampuni hiyo ya Ujerumani yakaporomoka.

Mwaka 1987 kampuni hiyo iliyaita magari yake yarudi kwa mawakala ili yafungwe kifaa kinachomlazimisha dereva kukanyaga breki kabla gia haijatoka P. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani uliotolewa mwaka 1989 ulieleza kuwa chanzo kikubwa cha ajali hizo kilikuwa ni madereva kukanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki.

Kwa maneno mengine, kifaa kile kilikuwa dawa ya kosa la mguu wa binadamu, na kikawafaa watengenezaji wengine wa magari duniani. Kilizuia pia janga jingine, la watoto walioachwa ndani ya gari kuchezea gia na kulifanya liserereke. Sheria iliyosainiwa Marekani mwaka 2008 iliyafanya magari madogo yote ya otomatiki yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1, 2010 kwa ajili ya soko la nchi hiyo yawe na kizuizi hicho kwa lazima. Kwa hiyo fundi anayemshauri mteja "aondoe kabisa hiyo loki isimsumbue tena" anamwondolea kinga iliyogharimu maisha ya watu.

Watengenezaji walijua, hata hivyo, kwamba siku moja betri itakufa na gari litahitaji kusogezwa. Ndiyo maana wakaacha mlango wa nyuma, ambao ni kile kitufe.

Kabla ya kukigusa, dereva hana budi kujaribu njia nyepesi zaidi. Betri iliyoshindwa kuzungusha stata si lazima iwe imekauka kabisa. Stata hula umeme mwingi mno kwa mpigo, ilhali solenoidi ya gia huhitaji umeme kidogo tu. Dereva akizima taa, redio na feni, akageuza ufunguo hadi dashibodi iwake, kisha akakanyaga breki, huenda akaisikia ile "tik" na gia ikatoka bila shida yoyote.

Na kama dashibodi inawaka vizuri, stata inazunguka, lakini gia haitoki, basi lawama isiende kwa betri. Mara nyingi kosa huwa kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, ile inayowasha taa nyekundu za nyuma, au kwenye fyuzi yake. Mtu mmoja asimame nyuma ya gari aangalie kama taa za breki zinawaka. Zisipowaka, gari halijui kwamba breki imekanyagwa, hivyo haliachii gia.

Betri ikiwa imekufa kabisa, hatua ni hizi. Breki ya mkono ivutwe hadi mwisho. Ufunguo uingizwe na kugeuzwa hatua ya kwanza ili usukani usijifunge. Kazi hiyo katika magari ya ufunguo wa kawaida ni ya chuma kwa chuma na haihitaji umeme. Kisha dereva akanyage breki kwa mguu na asiuondoe mguu huo mpaka kazi iishe.

Akiwa katika hali hiyo, akibanue kifuniko cha plastiki kwa bisibisi bapa nyembamba iliyozungushiwa kitambaa, abonyeze kitufe kilicho chini yake, na huku akiwa bado amekibonyeza, aubonye mkono wa gia kama kawaida na kuurudisha hadi kwenye N, yaani nyutro, au "frii" kama wasemavyo madereva wengi. Katika magari kadhaa ya Toyota kitufe hakina hata kifuniko. Kinabonyezwa kwa kidole. Katika Honda nyingi pana kitundu ambacho ufunguo wenyewe huchomekwa na kukandamizwa.

Gari ambalo mkono wake wa gia uko kwenye dashibodi au kwenye shingo ya usukani laweza kuwa na kitundu hicho mahali pengine, pengine chini ya kifuniko kinachohitaji kutolewa. Anayelimiliki gari la namna hiyo angefanya vema kukitafuta jioni moja akiwa nyumbani, gari likiwa zima, kuliko kukitafuta usiku wa mvua kwa mwanga wa simu.

Hutokea kitufe kikabonyezwa sawasawa na gia bado ikakataa. Hapo aghalabu gari limeegeshwa mlimani kwa kutegemea P peke yake, na uzito wake wote umelala juu ya lile jino la chuma. Watu wawili wakilisukuma kidogo kuelekea juu, kiasi cha sentimita mbili tatu, jino hulegea na gia hutoka. Hii ndiyo sababu ya kuvuta breki ya mkono kwanza, na kuweka P baadaye, kila dereva anapoegesha. Ni watu wachache wanaofuata utaratibu huo.

Sasa linafuata jambo ambalo hupewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Wakati gari liko kwenye P, tatizo lake ni kwamba halitembei. Pindi linapowekwa N, tatizo lake laweza kuwa kwamba linatembea.

Chukua mfano wa gari lenye uzito wa tani moja, ambao ni uzito wa kawaida kwa gari dogo la familia. Katika barabara inayopanda mita moja kwa kila mita 20, mteremko ambao jicho la dereva laweza hata lisiutambue, gari hilo huvutwa kuelekea chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mteremko ukiwa maradufu, ni mifuko miwili. Wanaume wawili waweza kulizuia likiwa limetulia. Likishaanza kukimbia, hakuna anayeweza kulizuia kwa mikono, na anayejaribu kusimama mbele yake anajiweka kati ya gari na ukuta.

Breki nayo haiko kama ilivyozoeleka. Wepesi wa pedali hutokana na msaada unaotegemea injini inayonguruma. Injini ikiwa imezimika, msaada uliobaki hutosha kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Breki bado ipo na bado inashika, lakini inataka nguvu za mguu mzima. Dereva asiyelijua hilo hudhani kwamba breki imekufa pamoja na betri, na katika taharuki hiyo huondoa mguu. Usukani nao huwa mzito.

Mfano unaokumbukwa ni wa mwigizaji Anton Yelchin, aliyefariki Juni 2016 mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 27. Gari lake aina ya Jeep Grand Cherokee liliserereka kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake na kumbana kwenye nguzo. Polisi walieleza kuwa lilikutwa kwenye nyutro huku injini ikiwaka. Yeye hakuwa na tatizo la betri, na ajali yake ilihusishwa na mkono wa gia wa muundo ambao tayari ulikuwa umeamriwa kufanyiwa marekebisho. Lakini inaonyesha nini hutokea pale gari zito linapokuwa N kwenye mteremko na mtu akiwa upande wa chini.

Kwa hiyo jiwe au kipande cha gogo kiwekwe chini ya tairi, upande wa mteremko, kabla ya kitufe kuguswa. Mtu mwenye akili timamu na mguu wenye nguvu abaki kwenye kiti cha dereva muda wote. Watoto waondolewe. Wasukumaji wasimame pembeni au upande wa juu, kamwe wasiwe upande ambao gari linataka kwenda. Kwenye pantoni, ambako gari lililokata umeme huzuia foleni nzima nyuma yake na kila mtu hupiga kelele litolewe upesi, haraka hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa ngazi ya kushukia ina mteremko na chini yake kuna abiria wanaotembea kwa miguu.

Si kila gari lina kitufe hicho. Katika magari mapya zaidi mkono wa gia hauna uhusiano wowote wa chuma na giaboksi. Ni swichi tu inayotuma ujumbe kwa kompyuta. Toyota Prius ya toleo lililotoka mwaka 2003, ambayo huwekwa P kwa kubonyeza kitufe, ni miongoni mwa magari ya mwanzo ya namna hiyo kupatikana kwa wingi. Betri yake ndogo ya volti 12 ikifa, gari haliwezi kutolewa P hata kama ile betri kubwa ya kuendeshea imejaa.

Ajabu nyingine ya gari hilo ni kwamba betri hiyo ndogo iko nyuma, ndani ya buti, na mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme. Mtengenezaji ameweka ncha maalumu ya kuungia waya chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, na dereva asiyeijua hukaa akiuangalia mlango usiofunguka. Aidha, magari yenye breki ya mkono ya umeme, ile ya kubonyeza kitufe, huwa na magurudumu mawili yaliyofungwa hata gia ikipatikana. Kwa magari ya aina hizo, njia ya kwanza ni kurudisha umeme.

Kurudisha umeme, au kubusti kama inavyoitwa mitaani, kuna mpangilio wake. Waya mwekundu huanzia kwenye ncha ya chanya ya betri iliyokufa kwenda chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanzia hasi ya betri nzima, na mwisho wake haufungwi kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Lori la volti 24 lisikubaliwe kutoa msaada huo kwa gari la volti 12, hata dereva wake awe mkarimu kiasi gani.

Yafaa pia kusema kwamba gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Lile la gia za mkono laweza, kwa kuwa dereva akiweka gia ya pili na kuachia klachi, magurudumu huzungusha injini moja kwa moja. Katika otomatiki ya kisasa, pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imesimama hakuna shinikizo la mafuta, na hakuna kinachounganisha magurudumu na injini. Vijana wa kusukuma watachoka bure.

Pampu hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuwa makini na kuvuta. Gari likivutwa magurudumu yote manne yakiwa chini, vyuma vya giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Vitabu vya maelekezo vya baadhi ya magari ya Toyota huruhusu jambo hilo kwa dharura tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 80, gia ikiwa N. Magari mengine hayaruhusu kabisa.

Mwenye gari anayesubiri gari la kuvuta anapaswa kujua magurudumu yapi ndiyo yanayoendesha gari lake, maana hapo pana nafuu ambayo wengi hawaifikirii. Gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele, likinyanyuliwa mbele na breki ya mkono ikiachiwa, huvutika vizuri hata kama gia bado iko P, kwa kuwa jino la giaboksi linafunga magurudumu ya mbele peke yake. Linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma hunyanyuliwa nyuma. Lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne hupakiwa mzima mzima juu ya lori la kitanda bapa, na mwenye winchi anayesema kwamba hakuna tofauti aombwe kwa heshima aende zake.

Likishafika linapokwenda, gari lirudishwe P, breki ya mkono ivutwe, na kile kifuniko cha plastiki kirudishwe mahali pake kabla hakijapotea chini ya kiti.